Marehemu wa Nafasi ya Tatu

Hollis Tarpley hakuwa na mazoea ya kuagiza chakula. Miaka yote aliyokula mkahawani kwangu alivuta kiti kilekile, akavua kofia, akasema, "Ile ya siku zote, Nelda," nami nikamwekea mezani. Ikatokea Aprili moja nimeungua mkono kwa mafuta, binamu yangu Twyla akaja kunishikia kazi. Akamsimamia Hollis kalamu mkononi.

"Ya siku zote ndiyo ipi, bwana?"

Hollis akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

"Usimwambie, Hollis!" Royce Pickard, mwenzake wa meza, akadakia. "Mwache abahatishe, tuone ujanja wake."

Meza nzima ikacheka. Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta na mkono wangu uliofungwa bandeji, na niliona walichokikosa wao kwa sababu ya kucheka. Macho ya Hollis yalikuwa yanapita kwenye sahani za wenzake, moja baada ya nyingine, yakitafuta. Hakuwa anamtania Twyla. Hakujua anakula nini kila asubuhi.

"Mayai mawili," nikapaza sauti, "uji mzito wa mahindi, na mikate yangu ya siagi yenye mchuzi wa soseji. Twyla, huyo mzee hata ukimletea keki ya harusi ataisukuma pembeni."

Wakacheka tena, na yeye akacheka nao. Alipokuwa anaondoka alipita kaunta, akainama kidogo. "Ahsante, Nelda," akasema, na jinsi alivyolisema nikajua haikuwa mara ya kwanza kumtokea.

Ngoja niwaambie Hollis ni nani, maana siku hizi nusu ya jimbo la Alabama inamjua kwa kichekesho kimoja tu, na hilo linaniudhi. Alizaliwa hapahapa, kwenye nyumba ya mbao nyuma ya kiwanda cha kupasulia magogo. Aliendesha malori ya magogo tangu ujana mpaka mgongo ulipokataa, na hakupindua hata moja, kwenye barabara za udongo mwekundu ambazo mvua ikinyesha hata mbwa hazitaki. Alimwoa Ardith, aliyekuwa akiimba sauti ya pili kanisani. Wakapata binti mmoja, Rhonda, ambaye aliolewa Teksasi na huko ndiko aliko, anapiga simu kila Jumapili na kutoa amri.

Sasa figo za Ardith ziliharibika. Mara tatu kwa wiki lazima apelekwe mjini akasafishwe damu, na barabara yenyewe ni ile kubwa, yenye malori. Ardith hajawahi kujifunza kuendesha gari. Hollis ndiye miguu yake. Akinyang'anywa funguo za pikapu, yote yamekwisha: Rhonda atakuja, nyumba itauzwa, mmoja atapelekwa huku na mwingine kule. Na Hollis alikuwa na sababu yake ya kuogopa nyumba za wazee. Baba yake alifia kwenye mojawapo. Miezi ya mwisho alikuwa akimwita Hollis "bwana," kwa adabu zote, na kumwuliza kama ametoka mbali.

Haya, meza. Wanaume wa mji huu hawakumbuki tarehe ya ndoa zao, lakini waulize nani alikuwa kocha mkuu wa chuo chetu cha Wetoka mwaka ule wa mafuriko, watakutajia mpaka jina la mbwa wake. Huo ndio mpira wetu, mpira wa vyuo, wa kubebwa kifuani na kugongana vichwa. Ligi yetu ina vyuo kumi na vinne, kwa hiyo kuna makocha wakuu kumi na wanne. Na kila Julai, Ijumaa ya mwisho, kabla msimu haujaanza, meza ile hufanya kikao cha kuwapanga.

Sheria zake ni kali kuliko za kanisa. Unasimama. Hushiki karatasi, hushiki simu. Unaanza na kocha wa kumi na nne, unapanda hadi wa kwanza, na kila mmoja unamtolea sababu. Ukianza juu, wanasema, unajipendekeza tu. Ukianza chini lazima umwudhi mtu mapema. Ukikosea jina, au ukimweka kocha kwenye chuo kisicho chake, unavishwa kofia ya kijani ya chuo cha Harlan, mahasimu wetu, na unaivaa mpaka mechi ya kwanza, hata msibani. Dub Ketchum, mwenye nyumba ya mazishi, aliwahi kuzika watu wawili akiwa nayo kichwani.

Hollis hajawahi kuivaa. Yeye ndiye waliyekuwa wakimwacha azungumze wa mwisho, kama hakimu. Alikuwa na kipimo chake kimoja. "Msiniambie ameshinda mechi ngapi," alikuwa akisema. "Mpe vijana wangu, nipe vijana wake, tucheze tena wiki ijayo. Atanifunga bado? Kama atanifunga, huyo ni kocha. Kama hanifungi, huyo ni mtu mwenye bahati na koti zuri."

Wiki chache baada ya mambo ya Twyla, Hollis alikuja mlango wa nyuma kabla sijafungua. Nilikuwa nakanda unga. Akasimama kofia mkononi.

"Nelda, naogopa," akasema.

Sikuwahi kumsikia akilisema neno hilo. Nikaacha unga.

"Makocha wa zamani wote wamo," akasema, akijigusa kichwani. "Buford Gantt, na wale waliomtangulia, wote. Naweza kukwambia Gantt alivaa soksi gani. Hawa wapya ndio hawakai. Namshika mmoja asubuhi, mchana hayupo. Julai inakuja. Nikikwama pale, Dub atajua. Dub akijua, mkewe atajua. Mke wa Dub akijua, Rhonda ana habari kabla sijafika nyumbani."

"Si usiende? Sema unaumwa."

"Nisiende?" Aliniangalia kana kwamba nimemtukana. "Niache kikao? Hapo ndipo watakapojua kweli."

Alikuwa sahihi. Hapa mtu akikosa kikao cha Julai, watu humpelekea chakula nyumbani wakidhani kafiwa.

"Daktari je?"

"Daktari akiandika, imeandikwa, na funguo zimekwenda." Akaizungusha kofia mikononi. "Nani atampeleka Ardith, Nelda? Niambie. Nani?"

Nimpeleke mimi? Ningefunga mkahawa? Basi nikafanya kile nilichoweza. Kila asubuhi alikuja mlango wa nyuma, mimi nakata mikate, yeye anaegemea friji, tunawapanga makocha. Wa chuo cha Pell, kijana mdogo, anajua kusajili lakini mechi ikibana anageuka jiwe. Wa Saltlick, hana fedha, hana uwanja, hana vijana wenye miguu, na bado kila mwaka anaangusha mbuyu mmoja. Wetu wenyewe, Cody Laramore, Mungu amsaidie, aliyetupotezea mechi mbili kwa kung'ang'ania kukimbia na mpira kwenye jaribio la nne, ambalo ndilo la mwisho, wakati mtoto wa chekechea angeupiga mpira mbele na kukaa chini. Nikimtajia chuo, ananitajia kocha. Siku nyingine alipita wote kumi na wanne bila kujikwaa, uso ukamnawiri. Siku nyingine alikwama kwenye jina la Laramore, kocha wa timu yake mwenyewe, na kijasho chembamba kikamtoka huku jikoni kukiwa bado na baridi.

Ardith alikuwa anajua. Jioni alikuwa akimhoji na yeye, huyo mama ambaye hajawahi kuipenda mechi hata moja. Alijifunza makocha kumi na wanne ili amfundishe mumewe.

Ijumaa ya kikao nilivunja sahani mbili kabla jua halijachomoza vizuri. Watu walijaa mpaka dirishani. Royce, ambaye alikuwa tarishi wa posta mpaka alipostaafu, na ambaye ni wa Harlan bila haya, alianza. Akamweka kocha wake wa Harlan, Dwight Salter, nafasi ya kwanza, na Laramore wetu wa kumi na nne.

"Wa kumi na nne!" Dub akaruka. "Chini ya yule wa Pell? Yule hata njia ya kurudi vyumbani huonyeshwa na mlinzi!"

"Anaonyeshwa, lakini anafika," Royce akasema. "Laramore wenu mpaka leo yuko uwanjani anafikiria jaribio la nne."

"Na Salter wako? Mpe Saltlick mwaka mmoja, bila zile fedha za matajiri wa Harlan, uone kama hataomba kazi ya kukata nyasi."

"Vikombe, Dub. Hesabu vikombe."

"Vikombe hata kabatini kwa mke wangu vimo."

Wakaendelea hivyo, wakipigiana meza, kahawa ikimwagika. Kwa kawaida hapo ndipo ninapofurahi mwaka mzima, na huwa natia neno langu, maana Royce akiachiwa hashikiki. Siku hiyo sikusema kitu. Nilikuwa namtazama Hollis. Midomo yake ilikuwa inacheza taratibu. Alikuwa anawarudia.

Dub akasimama, akapanga wake, akakaa. Wakamgeukia Hollis. "Hakimu!"

Akasimama. Akashika mgongo wa kiti.

Wa kumi na nne akatoka vizuri. Kumi na tatu, kumi na mbili. Laramore akamweka wa kumi na moja, na watu wetu wakamzomea, na yeye akawangoja wanyamaze, kama enzi zake. "Nampenda," akasema. "Mama yake ni mtu mzuri. Lakini nipe vijana wake nami nitamfunga, na mimi sijawahi kufundisha hata kuku." Wakaangua kicheko. Kila jina lililotoka nililisindikiza moyoni. Saba. Sita. Wa Saltlick akampa nafasi ya nne, na akatoa sababu nzuri kiasi kwamba hata Royce alitikisa kichwa kwa kukubali. Nikaanza kupumua. Zimebaki tatu, nikajiambia, na tatu hizo anazo.

"Wa tatu," Hollis akasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akatabasamu. Mabega yalishuka. Hofu yote ilimtoka usoni, akawa Hollis wa zamani kabisa. "Wa tatu ni Buford Gantt. Mwaka huu ana vijana wazito pale mbele. Ningempa ya pili, lakini ni rafiki yangu, watu wangesema nampendelea. Nilizungumza naye juzi. Ana matumaini makubwa."

Royce akashusha kikombe mezani.

Buford Gantt alikuwa kocha wetu, mtoto wa wilaya hii, aliyesoma darasa moja na Hollis, na aliyetuletea kombe la mwisho tulilowahi kulishika. Alikwisha kufa miaka mingi nyuma. Dub ndiye aliyemzika. Hollis alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Nilishika birika la kahawa kwa mikono miwili, ule mkono mbovu ukaniuma, sikujali. Nikajisemea, basi, yametimia.

Dub akapiga meza kwa kiganja.

"Nilimzika mwenyewe!" akapiga kelele, na machozi ya kicheko yakamtoka. "Nilimzika kwa mikono yangu, na bado yuko nafasi ya tatu!"

"Na Laramore yuko hai, wa kumi na moja!" Royce akasema, akijishika mbavu. "Ee Mungu wangu! Maiti inamshinda kwa nafasi nane! Hollis, wewe ni shetani!"

Mkahawa ulilipuka. Watu walipanda viti. Hakuna aliyeitaja kofia ya kijani. Hakuna aliyeuliza nani wa pili na nani wa kwanza. Kwao lile lilikuwa tusi bora kuliko yote yaliyowahi kutolewa kwenye meza ile, na mwenye kulitoa alilitoa bila kucheka, kama fundi.

Hollis akaketi. Nilikwenda kumjazia kikombe ambacho kilikuwa kimejaa. Akanishika kiwiko.

"Buford amekufa?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, Hollis."

"Lini?"

"Zamani."

Alibaki akikiangalia kikombe. Niliona habari ya msiba ikimwingia upya, watu wakicheka pande zote. Halafu akainua uso, akawatazama wenzake mmoja mmoja, na akaanza kucheka na yeye. Aliiga vinywa vyao. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyokiogopa kicheko kile.

Mchana wake Royce alipiga simu kwenye kile kipindi cha redio ambacho jimbo zima husikiliza, akasimulia. Mtangazaji alicheka mpaka wakaweka tangazo. Kabla ya Jumapili kulikuwa na vijana chuoni waliovaa fulana zimeandikwa "Gantt wa Tatu." Mchungaji aliitia hadithi hiyo kwenye mahubiri. Hollis akisimama kituo cha mafuta, watu wasiomjua walimpungia: "Hakimu! Marehemu anaendeleaje?"

Nilidhani hilo litamlinda. Nilidhani tumepona. Nilikuwa mjinga, na nilichukua muda kuujua ujinga wangu. Kwa sababu tangu siku ile Hollis hakukosea tena machoni mwa watu. Akivaa viatu visivyofanana, alikuwa anachekesha. Akimwuliza Dub hali ya mama yake, aliyekwisha kufa, Dub alijibu, "Wa tano, na anapanda!" na meza ikaanguka kwa kicheko. Angeweza kuungua moto pale katikati yao wakampigia makofi.

Wiki ya pili ya Agosti, siku ya Ardith ya kusafishwa damu, hawakufika hospitali kwa saa yake. Dub ndiye aliyewakuta. Alikuwa anarudi na gari lake la maiti kutoka upande wa msituni, akaona pikapu ya Hollis kwenye uwanja wa kiwanda cha zamani cha magogo, kile kilichofungwa, ambapo sasa ni majani na chuma cha kutu. Hollis ameshika usukani. Ardith yuko pembeni yake, mkoba mapajani. Vioo vimefungwa, jua kali.

Asubuhi iliyofuata Dub aliisimulia mezani.

"Namwuliza, Hollis, unafanya nini huku? Ananiambia, bila kupepesa, 'Nasubiri zamu yangu ya kupakia!'" Akashindwa kuendelea. "Kupakia! Na mimi nimekuja na gari la maiti! Namwambia, huku kwangu kuna nafasi, pakia!"

Wakacheka wote. Hakuna aliyeuliza Ardith alikuwa anafanya nini pale. Nilivua aproni nikaenda kwake.

Alinifungulia akijishika ukutani. Miguu ilikuwa imevimba mpaka soksi zimemkata. Walikuwa wamefika hospitali jioni ile kwa kuchelewa, na daktari amemgombeza Hollis mbele za watu.

"Nilimwambia tumepotea," Ardith akaniambia. "Akasema ninyamaze, msimamizi atatusikia, atatutoa kwenye foleni. Nikamwambia, Hollis, ni mimi. Akanitazama, Nelda. Akanitazama kwa adabu sana."

"Mwambie Rhonda. Au niambie mimi nimwambie."

Akanishika mkono kwa nguvu. "Usithubutu. Atatutenganisha. Mimi nikifa njiani nitakuwa nimekufa naye."

"Na yeye?"

Akainama, akaanza kuvuta zile soksi zilizombana. Nilirudi mkahawani, nikamwonea hasira kila mwanamume aliyekuwa amekaa kwenye viti vyangu. Sikujua la kufanya. Siku zilizofuata, kila nikisikia king'ora barabara kuu nilisimama na sufuria mkononi mpaka kipite.

Hollis ndiye aliyejua la kufanya. Alikuja asubuhi, wiki ya mechi ya kwanza, meza ikiwa imejaa na Royce akimnanga Laramore. Hakukaa. Aliweka funguo za pikapu katikati ya meza, kati ya chumvi na chupa ya sharubati.

"Siku ile sikuwa natania," akasema.

"Siku ipi, Hakimu?"

"Ya Buford. Nilidhani yu hai."

Royce akaanza kucheka, na Dub, na wa meza ya jirani. "Kasema tena! Jamani, kasema tena!"

"Na kiwandani, sikuwa natania. Nilikuwa nasubiri kupakia." Akashika mgongo wa kiti. "Mke wangu alikuwa pembeni yangu na sikumjua."

Wakazidi kucheka, ingawa kicheko sasa kilikuwa kinachechemea. Mtu nyuma akapiga mluzi. Hapo nikashindwa. Niliangusha birika kwenye kaunta kwa nguvu zangu zote.

"Nyamazeni!" nikasema. "Nyamazeni, wapumbavu nyinyi, mtu anawaambia jambo!"

Wakanyamaza. Hollis hakunitazama. Alimtazama Dub.

"Dub, tulimzika Buford?"

Dub aliacha mdomo wazi. Ni mtu aliyezoea misiba ya watu, anajua uso wa mtu aliyefiwa, na nadhani ndipo alipouona. "Tulimzika, Hollis," akasema taratibu. "Wewe ulishika upande wa kichwa."

"Kulikuwa na mvua?"

"Jua tu. Jua kali."

Hollis akatikisa kichwa, akavuta kiti chake, akakaa. "Basi shikeni funguo hizo. Msinirudishie hata nikiwaomba. Nikilia msinirudishie. Ila Ardith lazima afike mjini. Sijui mtafanyaje."

Royce akanyoosha mkono akazichukua. Mikono ile ilikuwa imesambaza barua za wilaya nzima, lakini ilichukua muda kuzishika. "Nitampeleka mimi," akasema. "Barabara hiyo naijua. Jumatatu mimi, Jumatano Dub, tutapangana. Si ndiyo, Dub?"

"Ndiyo," Dub akasema. "Na Rhonda mwachieni mke wangu. Mke wangu hashindwi na mtu wa Teksasi."

Mtu mmoja akacheka kidogo kwa hilo, na Hollis akatabasamu. Rangi ilianza kumrudia usoni.

"Nina ombi jingine," akasema. "Nikikosea, msinicheke tena. Hata kama kinachekesha. Mkicheka nadhani nimesema vizuri. Nyamazeni tu, nami nitajua."

Wakaahidi. Royce alijipangusa uso kwa leso, akasingizia pilipili. Nikawaletea kahawa mpya, na nikamletea Hollis mayai yake kabla hajasema lolote, na polepole maneno yakarudi mezani, kwanza ya hali ya hewa, halafu, kwa kuwa hawajui kitu kingine, ya mpira. Mechi ya kwanza ilikuwa Jumamosi. Dub akasema Laramore amebadilika, watu wamemwona mazoezini, mwaka huu atapanda mpaka nafasi ya sita. Royce akasema sita ya kutoka wapi. Hollis alikula, akisikiliza, akiinua uma kama mtu mwenye neno. Alionekana mtu aliyetua mzigo. Mimi mwenyewe nilijisikia vizuri, nikaanza kupanga vikombe.

"Nyie subirini Jumamosi," Hollis akasema, akikata mkate wake. "Buford atawafungua macho."

Hakuna aliyecheka. Dub alitazama sahani yake. Royce alikuwa ameshika funguo, akazifumbata zisilie.

Hollis aliendelea kutafuna kidogo, akitabasamu, akingoja. Akamtazama Dub. Akamtazama Royce. Kisha akanitazama mimi, na nikaona tabasamu likimwondoka polepole, na macho yake yakaanza kupita tena juu ya meza, yakitafuta. Akaweka uma chini.

"Nimeshakosea," akasema.

Hakuna aliyejibu.

"Wapi?" akauliza. "Niambieni ni wapi."